Mwanangu, kuja ni kukaa

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe na ameanza tena kushinda kwenye migomba, ingawa nimemkataza kubeba mikungu.

Ujumbe wako niliusoma jioni ile ile, nikamsomea na baba yako. Umeuliza, "Mama, nikibaki dukani Desemba hii, mtaona nimewatupa?" Ukaeleza kwamba fremu ya Kariakoo umeilipia kodi ya mwaka mzima, mzigo wa nguo za watoto umeuchukua kwa mkopo, na mauzo ya kuelekea Krismasi ndiyo yanayobeba miezi yote iliyolala. Mwishoni ukaongeza kwamba usipokuja utatuma hela ya mbuzi. Baba yako akanirudishia simu, akasema, "Mjibu wewe." Ningekupigia, lakini kwenye simu nasema maneno mawili halafu nauliza kama umekula. Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Kututupa, hapana, hilo litoe kichwani. Lililonikaa rohoni ni hilo la mbuzi. Limenirudisha nyumbani kwa bibi yako, kwa mjomba wako wa Mererani.

Ninyi mmemfahamu akiwa mtu mzima mwenye mvi. Mimi nimekua naye. Babu yako alikuwa karani wa chama cha msingi, na msimu wa kahawa ukifika watu walijipanga na magunia yao mbele ya mizani yake. Kwamba kahawa ndiyo iliyotusomesha Wachaga mmelisikia mpaka mmechoka, lakini ni kweli. Chama kikuu cha ushirika kilianzishwa 1933, na kabla ya hapo wazee walikuwa wameshaanza kujikusanya. Halafu mwaka 1989 ule mkataba wa dunia uliokuwa ukizipangia nchi viwango vya kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka. Babu yako alirudi kutoka mkutanoni akakaa barazani na koti lake, hakulivua mpaka usiku. Kihamba, shamba letu la ukoo, kilikuwa kile kile, na watoto wa kiume walikuwa wanne. Mjomba wako ni wa katikati, na unajua mila: mkubwa hupewa, mdogo hubaki na nyumba, wa katikati huambiwa akatafute. Akaenda Mererani kuchimba tanzanite, akawa mwanaapolo, kama wanavyoitwa wachimbaji wa kule.

Desemba ya kwanza ikaja bahasha. Ya pili, bahasha. Aliipitisha kwa mtu yeyote anayepanda huku, na ndani yake hela ya mbuzi, na karatasi imeandikwa "kazi imenibana, nikipata nitakuja". Bibi yako alinunua mbuzi kweli, akachinjiwa, kisusio kikapikwa, watu wakala na kushukuru. Yeye alikuwa akigusa tu. Sijawahi kumsikia akilalamika, ila alikuwa akiziweka zile karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Kisha mjomba wako akaja mwezi wa nne. Nani anakuja uchagani mwezi wa nne, masika imepamba moto? Gari lilimwacha Himo, akapanda kwa miguu, akafika giza limeshaingia, suruali imelowa tope mpaka magotini, na mkononi ana mfuko wa nailoni wenye sukari. Hakuwa na kingine. Shimo lilikuwa halijatoa kitu. Bibi yako aliipokea ile sukari kwa mikono miwili, akachochea moto, akaanza kumenya ndizi mshare za mtori. Hakumuuliza shimo limetoa nini. Hakumuuliza anaondoka lini.

Kesho yake mvua ilinyesha kutwa. Babu yako na yeye walikaa jikoni wakichonga mpini wa jembe, mimi pembeni nachambua maharage. Ndipo mjomba wako alipoanza kusema kulivyo kule chini. Kamba ya kushukia, joto, hewa inayosukumwa na mashine kutoka juu, na jinsi mtu anavyosikiliza ule mlio wa mashine hata usingizini, maana ukikatika mmekwisha. Alimwambia baba yake kwamba anaogopa. Babu yako hakusema "ndiyo uanaume" wala nini. Aligeuza mpini, akautazama kama umenyooka, akasema, "Hata mimi huwa naogopa." Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa, na sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwenye kinywa cha baba yangu.

Alikaa mpaka mvua zikaanza kupungua. Walizibua mfongo, mfereji wetu wa maji, uliokuwa umezibwa na udongo ulioteremka, wakapunguza machipukizi ya kahawa, wakaezeka upya banda la mbuzi. Siku moja nilikuwa nateka maji nikasikia mtu anacheka kwenye migomba, kicheko cha kujikunja. Nikaweka ndoo chini nisikie vizuri. Alikuwa babu yako. Mwanangu, nikiulizwa raha ya nyumbani kwetu ilikuwa siku gani, nitataja siku hiyo, na haikuwa sikukuu yoyote.

Baadaye jiwe likatoka. Hakutajirika sana, lakini lilitoka. Desemba hiyo alikuja na pikapu, magunia ya mchele, kreti za soda na za bia, shali la bibi yako. Kila mtu alimtaka. Waliosoma naye walimtaka, wazee wa kanisa walimtaka kwa ajili ya paa, watoto walimtaka wapande gari. Bibi yako alimwekea nyama yake kwenye sahani ya maua, akaifunika kwa sahani nyingine, akakaa karibu na mlango. Akipita anasema, "Mama, nakuja." Jioni anapita tena, "Mama, nakuja." Siku ya nne aliondoka alfajiri, ana safari. Bibi yako aliifunua ile sahani, mafuta yameganda meupe, akaniambia, "Amekuja, sikumwona." Maneno hayo bado yananichoma, na bibi yako tulishamzika zamani.

Kwa hiyo nasema kila siku, na nitasema tena: kuja ni kukaa. Mwenye kupita na kusalimia ni mgeni. Ninaowaona kila Desemba wakishuka Himo na mabegi, wengi wao hawakai. Wanahesabu siku za likizo, wanazunguka misiba na harusi, wanapiga picha na Mawenzi asubuhi, wanarudi Dar wamechoka kuliko walivyokuja. Wazazi wao tukikutana sokoni Januari tunaulizana, "Wako aliongea?"

Lakini sasa najipinga mwenyewe, maana Desemba si kitu cha kupuuza. Ukoo ukikutana ndipo mambo yanapokatwa. Mipaka, kipaimara, posa, makaburi ya kujengea, ada ya mtoto wa marehemu. Mtu asipokuwepo anakatiwa. Na Desemba hii si kama nyingine. Unajua baba yako na baba yako mkubwa hawasemezani tangu ule mpaka wa chini uliposogezwa. Nimenong'onezwa kwamba baba yako mkubwa ataleta isale, jani letu la kuombea radhi. Likishaletwa jani lile hakuna anayekataa, hata awe na hasira namna gani. Baba yako atalipokea. Ningependa wana wake wawepo wanapoliona likipokelewa, na hasa wewe kitindamimba, kwa sababu nyumba hii na mpaka huo vitakuja kuwa mikononi mwako. Kaka yako wa Arusha anaweza kuja au asije. Wewe ni jambo lingine.

Na hapo hapo tena nasema, ni mimi niliyekutoa hapa. Kahawa ilipokwisha nguvu tuliing'oa ya chini, tukaweka ndizi, na kwa ndizi hizo za sokoni Mwika nikakulipia shule. Nilikuwa nikikwambia nini ulipokuwa ukinisindikiza na mkungu kichwani? Soma uondoke, kihamba hiki hakigawiki tena. Basi umeondoka. Umepata fremu Kariakoo ukiwa bado kijana, mahali ambapo watu wazima wanalia kilemba. Nikuambie ufunge duka msimu wa mauzo, mkopo ukudai Januari, uje kukaa kwenye kiti cha plastiki umeinamia simu unahesabu hasara? Huko nako si kukaa. Mwili utakuwa Mwika na roho itakuwa Mtaa wa Kongo.

Umesema una kijana wa dukani lakini humwamini na mauzo ya msimu. Sawa, hilo unalijua wewe. Lakini nakuuliza, mwakani utamwamini? Maana duka lisiloweza kukaa siku mbili bila wewe litakula kila Desemba yako, kisha litakula na ndoa yako. Mfundishe mapema. Mwachie mauzo ya wiki ya kawaida, uone anavyorudisha hesabu. Hilo silisemi kwa ajili ya sikukuu, nalisema kwa ajili yako, kwa sababu na wewe utakuwa na watoto, nao watataka ukae.

Ulitaka nikwambie njoo au nikwambie baki. Nimelishika neno mdomoni tangu jana. Baba yako naye ana lake, amekataa kulisema, ila nimemwona akipaka rangi mlango wa chumba chako. Sitasema. Nikisema njoo, duka likiyumba utakumbuka sauti yangu. Nikisema baki, na jani likapokelewa haupo, hilo nalo utalikumbuka kwangu. Lako amua wewe. Kama ungekuwa umri wa kuamuliwa, ningekuwa nimeshaamua, na unajua ningeamua nini.

Lakini la mwezi wa nne nitalisema wazi, kwa sababu hukuliuliza. Wewe mwenyewe uliniambia masika Kariakoo maji yanajaa barabarani na wateja wanapotea. Basi njoo wakati huo, uje Desemba au usije. Usilete mchele, upo. Hela ya mbuzi usitume, mbuzi tunao watatu bandani na mmoja ana mimba. Lete buti za mvua na sweta lako la kijivu, panda basi la alfajiri ufike Himo kungali na mwanga, maana mvua ikinyesha bodaboda hazikubali kupanda huku juu jioni. Mfongo wetu umebomoka pale kwenye mwembe, baba yako anataka kuujenga kwa mawe na mguu wake haumruhusu.

Ukishaamua la Desemba, mwambie dada yako kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Yeye ndiye anayepanga nani atalala wapi.

Mama yako