Embe zetu haziuzwi nje kwa sababu hazina vitamini? Si kweli

Dada uliyeuliza ukiwa Mpeketoni, nikujibu mimi niliyezika embe zangu mwenyewe kwa toroli.

Nina miembe thelathini na kitu huku Ganda, nje kidogo ya Malindi: ngowe ndiyo mingi, boribo kiasi, na epo niliyopandikiza baadaye. Habari ya vitamini waachie wenyewe. Embe, iwe ngowe ya hapa au Kent ya duka la London, kwa wastani gramu 100 hukupa kama miligramu 36 za vitamini C, na ile rangi iliyokolea ndani ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ukitaka vitamini C hasa, chuma pera: gramu 100 zapita miligramu 200. Na pera huku tunawaachia watoto na ndege!

Kinachotufungia milango ni nzi wa matunda. Huyu mkorofi zaidi asili yake Asia, akagunduliwa Kenya 2003. Jike hutoboa embe ingali mtini akataga ndani; nje huoni ila kidoa kama cha ncha ya sindano. Siku chache baadaye ukipasua, funza warukaruka. Kwa ajili yake Kenya ilijisimamishia yenyewe kuuza embe Ulaya 2014, na milango haikufunguka hadi 2021. Miaka saba! Tukabaki na Waarabu, ambao biashara nao ni ya tangu enzi za majahazi. Wala si sisi tu: Meksiko, wanaoongoza kwa kuuza nje, embe za kwenda Marekani huzichovya kwenye maji ya nyuzi 46 zaidi ya saa nzima, kuua mayai ya nzi wa kwao.

Mara ya kwanza nilimpelekea mnunuzi mmoja Mombasa kreti arubaini. Kijana wake akapasua embe tano. Ya nne ina funza. Ya tano safi ndani, lakini begani ina michirizi myeusi kama imemwagiwa asidi. "Mzee, rudi nazo." Nauli ya kurudi ikawa kubwa kuliko bei ya mzigo wenyewe.

Ile michirizi ni utomvu. Vijana wangu walikuwa wakiangua kwa upembo, kikonyo kikikatika utomvu waruka na kuunguza ganda. Siku hizi tunakata kwa mkasi, tunaacha kikonyo cha urefu wa kidole, tunakikata tukishafika kivulini, kisha embe inalazwa kichwa chini juu ya fito mpaka imalize kuchuruzika. Kazi ya kuchosha, ndiyo, lakini kreti hazirudi.

Kwa nzi: okota kila inayoanguka, kila siku, uzike chini sana au uifunge kwenye mfuko mweusi juani. Kisha tundika mitego, hata chupa tupu ya maji iliyotobolewa matundu, ndani pamba yenye chambo, yaani dawa ya harufu inayowavuta nzi. Chambo hicho chanasa madume tu, kwa hiyo usishangae ukiona majike bado yapo wiki za mwanzo. Jirani naye aokote, la sivyo nzi wake ni wako.

Na chambo nunua kwenye duka la pembejeo, kikiwa kimefungwa. Mimi nilinunua cha kupimiwa kwa kizibo, kikanipotezea msimu mzima.