Painti Mbili kwa Kila Mgonjwa: Kwa Wanagenzi Wapya wa Upasuaji

Kila kundi jipya la wanagenzi likiingia wadi hapa Malindi, fomu za kuagiza damu huandikwa vile vile. Mzee wa busha, painti mbili. Bibi wa faibroidi, painti mbili. Mama anayepasuliwa mara ya tatu, kondo limetangulia, yaani limeziba njia ya mtoto, naye painti mbili! Wadogo zangu, hiyo si hesabu. Damu inakaa kwenye friji imeandikwa jina la asiyeihitaji, na mwenye haja anaikosa.

1. Anzeni na operesheni yenyewe. Ngiri, busha, apendeksi isiyopasuka: kundi la damu na kipimo cha antibodi, yaani kinga za mwili zinazoweza kuikataa damu ya mwingine, vyatosha, maabara waihifadhi sampuli. Faibroidi kubwa, tezi dume ya kufungua, bandama, paja lililovunjika, kondo lililotangulia: damu ilinganishwe, yaani ijaribiwe na ya mgonjwa maabara, na iwe tayari. Mkiona painti mlizolinganisha zinapita mara mbili ya zilizotiwa, mnaagiza ovyo.

2. Hapa ndipo mnapoteleza kila mwaka. Mnatazama hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu, kwa gramu kwa desilita) peke yake, tena ya zamani. Chukueni uzito, zidisheni kwa mililita 65 kwa mwanamke au 70 kwa mwanamume, mpate damu yote ya mwilini. Zidisheni kwa tofauti ya hemoglobini aliyo nayo na ile mtakayokubali ishukie, kisha gawanyeni kwa aliyo nayo. Mama wa kilo 50 mwenye 12, mkikubali ashuke hadi 7, anaweza kupoteza kama mililita 1,350. Huyo huyo akiwa na 9, ni 720 tu, na faibroidi kubwa huzimaliza hizo kabla hamjafunga kizazi. Akiwa na ugonjwa wa moyo msingoje 7, wekeni 8.

Sasa ile 12 ya kwenye faili ilipimwa kliniki, miezi miwili nyuma. Tangu hapo amepata hedhi nzito mara mbili, na pengine malaria katikati. Pimeni upya kabla ya kuandika fomu. Ikitoka 9 na hakuna dharura, mpeni madini ya chuma, tibuni minyoo, zuieni hedhi, mpangieni tarehe nyingine. Faibroidi si jahazi la kuwahi maji.

Mimba iliyopasuka nje ya kizazi ni kinyume chake. Hemoglobini ya 11 isiwatulize: anayetoka damu kwa ghafla hupoteza seli na maji pamoja, kwa hiyo namba haishuki mpaka maji ya mwilini au ya dripu yaingie. Gawanyeni mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 110 kwa presha 100 ni 1.1. Kwa mama mjamzito, kuanzia 0.9 ni hatari: piteni naye thieta huku damu ikitafutwa.

3. Ulizeni aspirini na warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda. Mwanamume aulizwe alipotahiriwa alitoka damu kwa muda gani, mjue kama damu yake huchelewa kuganda. Wengi wanakumbuka vizuri.

4. Mwenye selimundu anaweza kuishi na hemoglobini ya 7 miaka yote, kwa hiyo kikomo cha wengine hakimfai. Waambieni maabara mapema, maana aliyetiwa damu mara nyingi huwa na antibodi na kulinganisha huchukua muda. Msimpandishe kupita 10, damu itakuwa nzito.

5. Ulizeni akiba leo, si kesho mgonjwa akiwa mezani. Damu ikibidi iletwe kutoka kituo cha damu cha kanda Mombasa, ni safari ya saa kadhaa. Wenzenu wa kisiwa cha Lamu wanaongeza boti kutoka Mokowe, gati ya bara. Shule zikifungwa wachangiaji hupungua, maana wengi ni wanafunzi, na mchana wa Ramadhani vivyo hivyo.

6. Thieta, pimeni vitambaa kwa mizani: gramu moja ni mililita moja, mkitoa uzito wa kitambaa kikavu. Kwenye hesabu ya chupa ya kufyonza, toeni maji ya kuoshea na, kwa mzazi, maji ya uzazi. Tieni painti moja, pimeni, ndipo muamue ya pili. Kwa mtu mzima painti moja hupandisha hemoglobini kama 1. Ikishatoka kwenye friji dakika 30 bila kutundikwa hairudi kwenye akiba, na ikitundikwa imalizike ndani ya saa 4.