Kwenda masaa nane, kurudi manne: ndege imepita wapi?

SWALI: Shikamoo babu. Mume wangu anakwenda Mumbai kutibiwa moyo, namsindikiza. Tiketi inasema Dar tunaondoka 17:00, tunafika 01:30. Kurudi, Mumbai 05:00, Dar 08:45. Nimehesabu kwa vidole: kwenda masaa nane na nusu, kurudi manne kasoro robo. Shemeji anasema kurudi ndege hukata njia ya mkato. Kweli? Mgonjwa atakaa kitini muda gani hasa?
Mama wa watatu, Mtanda, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Shemeji mwache na mkato wake. Njia ni ileile. Saa za India ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowapoteza wengi. Mkitua Mumbai 01:30, huku Lindi ndiyo kwanza 23:00, saa tano usiku. Toka 17:00, masaa sita. Kurudi, 05:00 ya kule ni 02:30 ya kwetu. Mpaka 08:45 ni masaa sita na robo. Robo hiyo usiigombanie, angani kuna upepo na kwenye kutua kuna foleni.

Umbali nimeupima mwenyewe. Nimeazima tufe la dunia la mjukuu, nikavuta uzi toka Dar hadi Mumbai: sentimita 11. Uzi wa kuzunguka ikweta: 94. Dunia pale ikweta ni kama kilomita 40,000, basi safari yenu ni kama 4,700, karibu zote juu ya bahari ileile ambayo majahazi yalisubiri kaskazi ndipo yaje kwetu. Ndege ikishakaa sawa angani hukimbia kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ongeza kupaa na kushuka, sita zako hizo.

Mgonjwa muombeeni mapema kiti cha magurudumu, na ndani ya ndege akae kiti cha upande wa njia, awe anainuka kunyoosha miguu. Daktari wake aulizwe kabla kama anaruhusiwa kuruka.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni basi. Lindi hadi Dar ni kama kilomita 450, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zake, barabara ilikatika kule Somanga, watu wakalala njiani. Ondokeni siku mbili kabla.

Halafu hizo namba za tiketi. Binamu yangu aliona 07:00 akasoma saa saba mchana. Alifika uwanjani saa tano, ametulia, kashika kuku wa kukaanga kwenye gazeti. Ndege ilishaondoka tangu saa moja asubuhi. Kuku tulimla wote nyumbani, kimya kimya. Kwa hiyo chukua kalamu uandike juu ya tiketi: 17:00 ni saa kumi na moja jioni, muwe uwanjani saa nane mchana. 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, muwe uwanjani saa nane usiku, kwa saa za Mumbai.