Michezo ya hesabu imegeuka kisanduku cheupe baada ya kusasisha Chrome

Ndugu unayeuliza kama urudishe Chrome ya zamani ili michezo ya hesabu ya tovuti yako ionekane tena, usifanye hivyo, utakaribisha virusi bure. Michezo iliyopotea baada ya kompyuta za maabara ya shule kusasishwa nahisi ni ya Flash, programu ya zamani ya Adobe ya kuchezesha michezo na katuni kwenye kivinjari. Angalia jina la faili: likiishia na .swf, ndiyo yenyewe. Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020, na tangu 12 Januari 2021 wakaizuia isicheze kabisa.

Pakua Ruffle, programu ya bure inayochezesha mafaili ya Flash bila Flash yenyewe. Weka mafaili yake kwenye folda ya tovuti, kisha ongeza mstari wa skripti unaoita ruffle.js katika kila ukurasa wenye mchezo. Ikigoma, mara nyingi seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) haitambui faili za Ruffle zinazoishia na .wasm; mwambie anayekuhifadhia tovuti aisajili kama application/wasm. Michezo iliyoandikwa kwa ActionScript 3 (toleo la mwisho la lugha ya programu ya Flash) huweza kukwama hapa na pale, ijaribu mmoja mmoja.