Uliza Bwana Shamba: Udongo una maji lakini mboga zinakufa na kiu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mimi ni kijana wa Machakos, sahii niko Marekani, South Dakota, magharibi ya mto Missouri, nafanya kazi ya ng'ombe kwa ranchi, mwaka wa pili huu. Nauliza kuhusu udongo wa huku, wenyewe wanauita gumbo. Ikinyesha hata kidogo tu pikapu haisogei, tope linashika tairi linajaza nafasi yote ya juu, na buti zinakuwa nzito kama nimefungwa mawe. Alafu jua likiwaka wiki mbili tatu unapasuka nyufa naingiza mkono. Nyuma ya nyumba nililima kipande nipande sukuma na maharagwe, zikatoka vizuri, kufika Julai zikanyauka zote na nikichimba naona udongo chini bado una unyevu. Hapo ndo nilichoka. Mmea unakufaje na kiu na maji yapo? Na mbona wazee wa huku hawalimi, nchi yote hii ni nyasi tu?

JIBU: Marahaba kijana. Hilo la mmea kufa na kiu na maji yapo ndo tamu kuliko yote, wacha nianze nalo, ya buti tutafika.

Udongo wako nadhani ni ule unaoitwa Pierre, kama mji mkuu wa jimbo lenu (na wenyewe wanatamka "pir", silabi moja tu, ukiutamka kwa Kifaransa watajua we ni mgeni). Kwenye udongo huo chembe za mfinyanzi, yaani udongo ule wa kufinyangia vyungu, ni nusu au zaidi ya nusu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kupita kiasi na vinafasi vya katikati yake ni vidogo zaidi, sasa maji yakishaingia mle yanashikwa kwa nguvu, mzizi unavuta weee haupati kitu. Ukiushika kwa mkono unasema una unyevu, na kweli unao, ila sio unyevu wa kugawa. Ni kama kuwa na mjomba tajiri bahili, pesa unaziona kwa macho lakini mkononi kwako hazifiki. Mchanga una maji kidogo lakini karibu yote unayatoa, kwa hivo mwaka wa mvua chache, amini usiamini, mboga kwenye udongo wa kichanga inaweza ikakaa kushinda yako.

Ongeza na mvua za huko, kama milimita 400 kwa mwaka, na nyingine zinakuja kidogo kidogo. Kimvua cha milimita 5 au 10 kwenye mfinyanzi kinabaki juu juu, kesho upepo na jua vimeshakibeba.

Tatizo la pili liko chini. Chukua jembe la sululu, chimba shimo la mita moja. Kwenye sentimita 50 hivi mpaka 100 utaanza kukuta vipande vyembamba vya kijivu, vinakatika kwa mkono kama magamba, na ukiendelea vinakuwa vigumu mpaka jembe linagoma. Hiyo ndo sheli (sio sheli ya kuweka mafuta jamani, mwamba). Ni matope ya bahari yaliyogandamana. Zamani za dinosari, miaka kama milioni 70 hadi 80 iliyopita, bahari ilikuwa imeikata Amerika Kaskazini katikati kutoka Aktiki mpaka Ghuba ya Meksiko, na hapo unapolisha ng'ombe ndo palikuwa sakafu yake, ndo maana kwenye makorongo ya huko watu wanaokota makombe ya bahari na mifupa ya mijusi mikubwa iliyokuwa inaogelea. Udongo wako ni mwamba huohuo umelainika mahali pake, haukuletwa na mto wala upepo. Mizizi ikifika kwenye mwamba inalala ubavu, inatambaa kwenye nyufa zake tu. Kwa hivo ghala lenyewe la maji ni fupi.

Hapa ndo pa kuangalia sana ukitaka kujua ranchi yenu vizuri, kina. Kule juu kwenye migongo ya vilima sheli iko karibu, chini ya sentimita 50, huo udongo wanauita Samsil na nyasi zake ni chache, unaona mpaka kijivu chenyewe. Kwenye miteremko ya kawaida ni Pierre. Bondeni kwenye tambarare ambako maji yameshusha mfinyanzi miaka na miaka ni Kyle, huo ni mrefu kwenda chini. Mtu akipita na gari anaona ni tope moja tu la aina moja, lakini idadi ya ng'ombe ambao kipande kinaweza kubeba inabadilika ukitembea mita 200 tu.

Haya, kupasuka na kunata. Wakati ule wa bahari kulikuwa na volkeno upande wa magharibi, majivu yakawa yanaanguka majini, mengine yakageuka bentonaiti, na mfinyanzi wa aina hiyo unaitwa smektaiti. Umepangwa kama kurasa za kitabu na maji yanaingia katikati ya kurasa, kitabu kinavimba. Ukikauka kinasinyaa, ardhi inachanika. Alafu vumbi na majani ya juu yanaangukia kwenye nyufa, mvua ikirudi udongo unavimba na chini hakuna tena nafasi, unasukumana wenyewe kwa wenyewe. Kwenye shimo lako angalia kuta, utaona nyuso zimesuguana mpaka zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Udongo wa hivi kitaalamu ni vertisoli, na ndo unaopindisha nguzo zenu za fensi, usimlaumu aliyezichimbia.

Na hii inachekesha kidogo, maji yanaingia vizuri zaidi wakati udongo ni mkavu kabisa, yanatumbukia kwenye nyufa. Nyufa zikishajifunga kwa kuvimba basi, mvua inayofuata inateleza tu kwenda korongoni.

Kwanini hawalimi? Walilima. Serikali iliwagawia watu ekari 160, baadaye hata 320, wakaja na plau, ukame wa 1910 na 1911 ukafukuza wengi, na miaka ya 1930 ukamalizia. Serikali ikanunua mashamba yaliyochoka na mengine leo ni nyanda za umma za malisho, kama ile ya Fort Pierre yenye zaidi ya ekari 100,000. Nyasi za huko, ile western wheatgrass na green needlegrass, zinaanza mapema wakati theluji imeyeyuka na unyevu upo, zinamaliza kazi yao kabla ya joto la Julai. Sukuma wako alikuwa ndo kwanza anataka kunywa.

Kwa bustani, usihangaike na gumbo. Tengeneza tuta la mbao, urefu wa kwenda juu sentimita 40 hivi, jaza udongo laini na samadi iliyooza, mboga ya watu wawili inatoka. Na usikanyage wala kulima udongo huo ukiwa mbichi, utapata matofali.

SWALI: Mimi pia niko jimbo hilohilo, nasoma mambo ya mifugo. Nimesikia kuna sehemu farasi wananyonyoka singa na kwato zinapasuka sababu ya udongo. Ni kweli ama ni stori za wazee?

JIBU: Kweli kabisa dada. Daktari mmoja wa jeshi aliandika kuhusu farasi wa kambi ya Fort Randall, kwenye mto huohuo Missouri, tangu miaka ya 1850, singa na mikia inanyonyoka, kwato zinaachia. Watu wakadhani ni magadi kwenye maji, mpaka miaka ya 1930 ndo ikajulikana ni madini ya seleniamu. Inatoka kwenye sheli, inapanda kwenye udongo, na kuna mimea inaikusanya kwa wingi, kama Astragalus bisulcatus, hiyo utaijua kwa harufu, inanuka kama kitunguu saumu. Sio kila malisho yana shida, ni mabaka mabaka, kwa hivo peleka majani yapimwe badala ya kukisia.

Mimi ningeogopa zaidi malambo. Mfinyanzi unashika maji vizuri sana, lambo halivuji, lakini sheli ina madini ya jipsamu, unaweza hata kuiona inameta kama vioo, na chumvi zake ziitwazo salfeti zinayeyukia kwenye maji. Kiangazi lambo likipungua zinakolea, ng'ombe akinywa hayo anaweza kupata ugonjwa wa ubongo, anapofuka, anagonga vichwa. Kupima maji ni bei rahisi kuliko ndama mmoja.

SWALI: Bwana shamba, sie wa huku njia ya Mariakani nasi ardhi yapasuka na maji ya kisima yana chumvi. Ndo udongo huohuo?

JIBU: Ndugu yangu, hapo jirani yako kuna mahali panaitwa Maji ya Chumvi, wazee walishajibu. Chini ya eneo hilo kuna sheli pia, kongwe kuliko ya South Dakota, ya miaka kama milioni 250, kwa hivo ukoo ni mmoja. Usiuchanganye na udongo mweusi wa Athi River, ule nao unapasuka vilevile lakini umetokana na mawe ya volkeno. Kama unataka kuchimba silanga la mbuzi, mfinyanzi huo utakusaidia, kinga maji ya mvua yanayotiririka juu, usishuke mpaka kwenye mwamba. Ukianza kuona magamba ya kijivu, simamisha tingatinga hapohapo.