Anza, Mwanangu, Lakini Andika

Kisumu

Mwanangu Atieno,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma, nikausoma tena, nikaona simu haitoshi kuujibu. Unasema tangu uache kazi Nakuru ukarudi Gem kufuga funza wa nzi weusi, hawa wanaoitwa BSF (kwa Kiingereza black soldier fly), wawe chakula cha kuku, wanawake wa soko la Yala wanakuita Mama Nzi. Benki moja imekukatalia mkopo. Mjomba wako naye ametamka mbele ya watu kwamba hakuuza ng'ombe ukasome ndipo uje kuzoa mabaki ya mboga sokoni. Kisha ukaniuliza: "Mama, mbona anayeanzisha jambo huumia yeye, na wanaofaidi ni waliokuja nyuma? Si afadhali nisubiri mwingine aanze, nami nimfuate?"

Usisubiri. Hilo nimelisema mapema usije ukasoma barua nzima ukihangaika. Ila kuna kuanza kunakoishia kwa aliyeanza, na kuna kuanza kunakowafungulia wengine, na tofauti yake nimeiona katika kazi yangu mwenyewe.

Umekua ukiniona nikirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, lakini sidhani niliwahi kukueleza kwa nini sisi wakunga ni wakali kuhusu mikono. Mwanafunzi akiingia leba, kabla hajamgusa mama yeyote, husimama kwenye sinki. Pete nje, saa nje, kucha fupi. Sabuni mpaka viwikoni, katikati ya vidole, nyuma ya kidole gumba, kisha mikono inainuliwa ili maji yateremke kwenye viwiko yasirudi viganjani. Akiruka hatua moja, anaanza upya. Wengi huona ni kero. Mimi kila mara nilimkumbuka daktari mmoja wa Hungaria, Ignaz Semmelweis.

Mwaka 1847 alikuwa akifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, ambako kulikuwa na wadi mbili za kujifungulia. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Katika wadi ya madaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi, miaka mingine karibu 10 katika kila 100. Kwa wakunga vifo vilikuwa vichache zaidi. Akina mama wenyewe walilijua hilo kabla ya wasomi. Walikuwa wakipiga magoti wakiomba wasilazwe kwa madaktari, na wengine waliona heri wajifungulie njiani. Kisha rafiki yake Semmelweis, Jakob Kolletschka, akakatwa kidole kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa, na mwili wake ukaonyesha dalili zile zile za akina mama wale. Hapo ndipo Semmelweis alipoona: madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti asubuhi wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakuwa na kazi mochari.

Katikati ya mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama 2.

Sasa ungedhani dunia ilimshangilia. Walimkataa. Vijidudu vilikuwa bado havijaeleweka, kwa hiyo hakuweza kueleza kwa nini kunawa kunaokoa, na hakuna daktari aliyependa kuambiwa kwamba ni yeye anayeua. Mwaka 1865 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hazikupita wiki nyingi akafia humo, akiwa na miaka 47. Miaka miwili baadaye daktari Joseph Lister wa Uingereza akachapisha kazi yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda, na sifa zikamwendea.

Hapo swali lako limejibiwa, utasema: ameumia wa kwanza, amefaidi wa pili. Lakini kuna jambo ambalo wanaoisimulia hadithi hii hulipita haraka, na mimi kama mkunga siwezi kulipita. Semmelweis aligundua mwaka 1847, na kitabu chake alikitoa mwaka 1861. Miaka 14! Kwa muda huo marafiki ndio walioandika na kutoa hotuba kwa niaba yake. Alipoandika hatimaye, aliandika kwa hasira, akawatumia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Namhurumia, kwani naijua hasira ya kuona mama anakufa kifo kinachozuilika. Hata hivyo, akina mama wa miaka ile 14, katika miji ambayo haikupata habari zake kikamilifu, walihitaji maandishi yale yatoke mapema, yenye hesabu zote, na yaandikwe kwa namna ambayo daktari mwenye kiburi angeweza kuyasoma bila kuyatupa.

Njoo sasa huku kwetu, na tena njoo kwenye wadudu, maana hilo ndilo lako.

Profesa Thomas Odhiambo alisoma Maseno, akaenda Makerere, kisha Cambridge, na kote huko alichopenda ni wadudu. Fikiria wakati ule: Mwafrika aliyesoma namna ile alitarajiwa awe daktari, wakili au mkubwa serikalini. Yeye akawa anachunguza wadudu, na mbung'o akiwemo. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science kwamba Afrika Mashariki inahitaji sayansi ya juu iliyojengwa hapa hapa kwa ajili ya maendeleo yake. Mwaka 1970 kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe kikaanzishwa Nairobi, naye akakiongoza mpaka 1994. Baadaye kikafunguliwa kituo kule Mbita, ukingoni mwa ziwa, ambacho sasa kina jina lake.

Ninachokipenda kwake kuliko vyeo ni kwamba hakujijengea maabara ya mtu mmoja. Kuanzia mwaka 1983 icipe na vyuo vikuu vya Afrika walishirikiana kuwafunza vijana wa bara hili shahada za uzamifu katika sayansi ya wadudu, wafanye utafiti wao Afrika, juu ya wadudu wa Afrika. Alipofariki mwaka 2003 kulikuwa na watu wa kuendelea, na kazi ilikuwa imekwisha kumzidi.

Unalikumbuka shamba la Dani wako, bibi yako, lilivyokuwa na kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi? Maua yake ya zambarau yanapendeza machoni, na mahindi yaliyo karibu nayo yanadumaa kama mtoto mwenye kwashakoo. Mmea mmoja unamwaga mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mahindi. Dani alikuwa anang'oa kwa mkono msimu baada ya msimu. Sasa, ni pale Mbita ambapo watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walitengeneza kilimo cha vuta-sukuma katika miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayeleta funza wa mabua, nepia inamvuta atage nje. Na kule chini, mizizi ya desmodiamu inaichochea mbegu ya kayongo iote halafu inaizuia isishike mzizi wa mahindi, ikafa. Ng'ombe anapata majani, udongo unapata rutuba.

Mwambie mkulima aliyetumia maisha yake kung'oa majani kwenye mahindi kwamba sasa ayapande kwa makusudi! Waliokubali mwanzoni walitazamwa kama wewe unavyotazamwa leo. Jambo lilienea kwa sababu mkulima aliitwa shambani kwa mkulima mwenzake, akaona mahindi kwa macho yake, akagusa, akauliza, akaondoka na mbegu mkononi.

Nikuambie pia kuhusu Grace Ogot wa Asembo, kwa sababu sisi wauguzi tunamhesabu kuwa wetu. Alizaliwa mwaka 1930, akasomea uuguzi Mengo, Uganda, akafundisha ukunga Maseno, na huku anaandika hadithi. Alipozipeleka kwa wachapishaji, kulikuwa na msimamizi aliyeshindwa kuelewa mwanamke Mkristo anawezaje kuandika habari za kafara na waganga. Hakuzifungia kabatini. Hadithi moja ikatoka Nigeria mwaka 1963, na mwaka 1966 ikatoka riwaya yake ya kwanza hapa Kenya. Mwaka huo huo Flora Nwapa wa Nigeria naye akatoa yake, na mpaka leo watu hubishana nani alitangulia. Ubishi huo sioni uzito wake. Wanawake wawili, mmoja huku na mmoja kule, walifungua mlango mwaka mmoja. Waulize waliopita mlangoni kama wanajali ni nani aliyegusa kitasa kwanza. Mwaka 1983 Ogot akachapisha Miaha kwa Dholuo, watu wa kwao wasome bila kupitia Kiingereza.

Lakini anayenigusa zaidi yuko ng'ambo ya ziwa letu hili, kisiwani Ukerewe, Tanzania. Aniceti Kitereza aliona maisha ya Wakerewe wa zamani yanasahaulika, akakaa akayaandika yote katika riwaya moja ndefu, ndoa, kilimo, uvuvi, magonjwa, dawa, heshima ya mke na mume, kwa Kikerewe. Alimaliza mwaka 1945. Hakuna aliyetaka kuichapisha kwa lugha yenye wasomaji wachache vile. Basi mzee akaichukua akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye akafa mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Hiyo inauma, sitakuficha. Mtu akiniuliza kwa nini akubali mateso hayo, nitamwambia afungue kitabu chenyewe: kila ukurasa una mtu aliyependa alichokuwa anakifanya, aliyetaka mjukuu asiyemjua ajue jembe lilishikwaje. Alishapata sehemu ya malipo yake akiandika.

Hata wakimbiaji ni hivyo hivyo. Kila mtu anamjua Kipchoge Keino. Naftali Temu wa Kisii, aliyetuletea dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 Mexico, wanaomjua ni wachache kidogo. Na Nyantika Maiyoro, Mkisii pia, aliyekimbia katika michezo ya Jumuiya ya Madola Vancouver mwaka 1954 akawa wa nne, kisha Melbourne mwaka 1956 Kenya ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, akawa wa saba katika mita 5,000? Hakurudi na medali. Alirudi na ushahidi kwamba kijana wa huku anaweza kusimama mstari mmoja na wale wakubwa, na kwa hakika hilo lilisikika vijijini.

Basi turudi kwa funza wako. Kwanza, wewe si wa kwanza duniani wala Kenya. Icipe wamewatafiti nzi hawa, na chuo kikuu cha Jaramogi pale Bondo kina watu wanaoshughulika na wadudu wa chakula na lishe ya mifugo. Wewe ni wa kwanza kijijini kwetu, na hiyo ni nafuu kubwa: ugumu wa kugundua wameubeba wengine. Nenda Bondo, si mbali na hapo ulipo. Ingia ofisini kwao, uliza, omba mtu aje akuone.

Pili, nunua daftari leo. Kila siku andika mabaki uliyowalisha, kilo ngapi, ya mboga au ya matunda, joto, unyevu, mavuno, waliokufa na unavyodhani wamekufa kwa nini. Siku mbaya ndizo za kuandika zaidi. Benki ile usiirudie kwa maneno yale yale. Irudie na kurasa za msimu mzima.

Tatu, hao wanaokuita Mama Nzi usiwakimbie, kwa sababu ndio wateja wako wa kesho na ndio wanaokupa mabaki. Wanachoogopa ni uchafu, na wana haki. Waeleze kwamba nzi huyu akishakua hatui kwenye vyakula vya watu kutafuta kula kama nzi wa nyumbani, anaishi kwa akiba aliyoweka akiwa funza, anataga, anakufa. Waonyeshe pipa, waone halinuki. Waambie pia jambo wanalolijua vizuri kuliko wewe, kwamba omena, dagaa wa ziwa letu, wanayoipigania kwa ajili ya watoto ndiyo inayosagwa kuwa chakula cha kuku, na bei inapanda. Mwenye kuku miongoni mwao mpe funza wa kujaribia bila malipo, akuletee habari. Akitaka kufuga mwenyewe, mfundishe usimfiche kitu, hata akija kuuza karibu yako. Wewe peke yako huwezi kulisha kuku wa Gem yote.

Nimeshaongea na kina mama wa chama chetu. Wengi wana kuku wa kienyeji na wamechoka na bei za dukani. Tunakuja kukuona mwisho wa mwezi. Tenga kuku wachache wanaokula funza na wengine wa umri huo huo wanaokula chakula cha dukani, uwapime kwenye mizani mbele yetu, na daftari liwe mezani.

Mjomba wako niachie mimi, nitampigia.

Mama yako