Maswali ya Wasomaji: Ufukwe Utengenezwe, Wenyewe Tukiwemo

Barua nyingi mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinalia kilio kimoja: mji unataka kutengenezwa na waliomo ndani yake hawajui hatima yao. Nimefanya kazi ya mipango miji huku Kusini mpaka nikastaafu, kwa hiyo hofu hii naijua. Barua ya Mikindani nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki Mikindani, jirani na pale mitumbwi inaposhusha. Nyumba ninayokaa ni ya marehemu bibi yangu, ya mawe, haina hati, ila mtaa mzima unajua ni yetu. Tuliitwa mkutano tukaambiwa ufukwe utaboreshwa: lami, taa, vibanda vya kisasa, hoteli. Mwishoni tukaambiwa tuwe tayari kupisha maendeleo. Sikatai taa wala lami, na vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini ni lazima maendeleo yakija sisi tutoke? Na nikilipwa fidia, italingana na ninachopoteza? — Mama wa Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Si lazima mtoke, na asikwambie mtu kwamba sheria ndiyo inayotaka hivyo. Serikali ikiwa na haja na eneo lenye watu, ina njia mbili zilizo mbali mbali kabisa. Moja ni kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967: mnathaminiwa, mnalipwa, mnaondoka. Nyingine ni urasimishaji, ambao umo ndani ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Hapo mnapimwa papo hapo mlipo, njia zinafunguliwa, mitaro inachimbwa, kila mwenye nyumba anapata hati yake, na anayepitiwa na barabara mara nyingi anamegwa kipande tu. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 nayo inaegemea upande huo wa kuboresha makazi na wenyewe wakiwemo. Basi mkiitwa tena, kabla hamjafika kwenye habari ya shilingi, ulizeni: huu ni utwaaji au ni urasimishaji? Nani ameamua, na ameandika wapi?

Halafu ombeni kuona mchoro. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na wenye ardhi na wadau wengine wa eneo wakati mpango unaandaliwa. Kuitwa na kuambiwa mjiandae kupisha ni kutangaziwa tu. Mchoro ukiletwa, usiangalie rangi zake. Tafuta mitumbwi inashushia wapi, samaki wanaparwa wapi, maji machafu ya kuoshea samaki yanakwenda wapi, na karai lako limewekwa wapi. Nimeona michoro kadhaa ya fukwe katika kazi yangu: maegesho ya magari yamo, bustani imo, mgahawa umo, lakini mahali pa kukaangia samaki hapamo. Sidhani kwamba kila aliyeichora alikuwa na nia mbaya. Mara nyingi alikuja saa nane mchana, mnada ulipokuwa umekwisha na wanawake wamekwenda nyumbani. Kwa hiyo mwiteni aje alfajiri.

Sasa fidia. Nikueleze siku yenyewe inavyokuwa, maana wengi wanaingia nayo hawajui. Mthamini anakuja na futi yake, anapima vyumba, anatazama paa ni bati au makuti, anahesabu minazi na miembe mmoja mmoja. Kisha unasimamishwa mbele ya nyumba yako umeshika kibao chenye namba, unapigwa picha. Baada ya hapo ni fomu, sahihi yako, na viongozi wa mtaa wakishuhudia. Usitie sahihi kwenye fomu yenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala.

Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinasema fidia iwe na mafungu haya: thamani ya ardhi na maendelezo yake kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilometa 20, posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba kama yako kwa miezi 36, na faida ya biashara kwa miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, yanadai riba. Na tangu Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini uliokaa miaka miwili bila kulipwa unarudiwa upya. Ukisikia mtu anataka kukulipa kwa namba za zamani, mkumbushe sheria hiyo.

Kwenye faida ya biashara ndipo mama karanga anapoumia. Kanuni inataka faida ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohusika, na mimi sijamwona mkaanga samaki mwenye mkaguzi wa hesabu. Anza leo na daftari la kawaida la shule: samaki ulionunua mnadani, mafuta, kuni, ulichouza, tarehe. Tunza na kila risiti ya ushuru. Daftari la mwaka mzima lina uzito kuliko maneno, na usipolihitaji kwa fidia, utalihitaji ukiomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Hata hivyo, mwanangu, umeuliza kama italingana, nami sitakuficha: haitalingana. Fidia inalipa kuta na minazi. Nyumba ya zamani huenda ikakatwa uchakavu wake, ukapewa pesa isiyotosha kujenga nyingine kama hiyo. Kukaa hatua chache kutoka mitumbwi, kupewa samaki kwa mkopo na nahodha aliyemjua mama yako, kumwachia jirani mtoto ukakimbilia mnadani: hayo hayana safu kwenye fomu. Ukienda kujenga Naliendele, mbali na ufukwe, utatoka usiku na ndoo yako kutafuta bajaji, na nauli ya kwenda na kurudi itakula faida ya karai zima. Ndiyo maana nasema nguvu zenu nyingi ziwekwe kwenye kubaki, na za fidia ziwe za akiba.

Na kubaki kuna mpangilio wake. Hati zitangulie, lami ifuate. Hili nalishikilia kwa sababu nimeliona. Miaka ile kampuni za gesi zilipomiminika Mtwara, kodi za nyumba na bei za viwanja zilipanda ghafla. Wasio na karatasi waliuza mapema na kwa bei ya kutupa, wakiamini wamepata. Mwaka 2013 watu walipoingia barabarani kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, nyumba zilichomwa na watu walipoteza maisha. Swali lililokuwa chini ya ghasia zile lilikuwa dogo na la haki: sisi tuliopo hapa tunapata nini? Lingejibiwa mapema, kwa maandishi, nadhani tungezika watu wachache.

Lakini hati peke yake haimalizi kazi, kwa sababu mwenye hati anaweza kurubuniwa akauza. Hapo nataka uwajue watu wa Voi, Kenya. Kuna mtaa pale unaitwa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipotaka kuwaboreshea, wakazi walikaa chini wakapima: kila mtu akipewa hati ya kwake, matajiri watatununua mmoja mmoja mpaka tuishe. Wakachagua ardhi imilikiwe na jumuiya yao kupitia chombo cha pamoja, na kila mtu amiliki nyumba aliyoijenga juu yake. Anayehama anauza nyumba, ardhi haiuzi. Kuliandikisha jambo hilo kuliwasumbua sana wanasheria, kwa sababu sheria ya nchi haikuwa na mfano wake, lakini lilifanyika.

Wazo hilo lina ndugu huko Marekani. Katika jiji la Boston, eneo la Dudley Street, Roxbury, mamia ya viwanja vilikuwa vitupu, vimejaa takataka na mabaki ya nyumba zilizoungua. Mwaka 1984 wakazi waliunda chombo chao, wakachora mpango wao wenyewe, na mwaka 1988 jiji likawapa mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa katikati ya mtaa wao. Fikiria: yale mamlaka ambayo kwa kawaida huwaondoa watu kama hao, safari hii yakawekwa mikononi mwao. Ardhi ikashikwa na wadhamini wa jamii, nyumba zikauzwa kwa masharti kwamba anayeuza baadaye asipandishe bei kupita kiwango kilichokubaliwa. Mtaa ulipendeza na watu wake wakabaki.

Mikindani mnaweza kuanza na kidogo. Sheria zetu zinaruhusu ushirika wa nyumba, na zinaruhusu kusajili bodi ya wadhamini. Nyumba kumi zinazotazama ghuba zikikubaliana kwamba hakuna atakayeuza bila kuwauzia kwanza wenzake, na mwanasheria akaliandika vizuri, mnunuzi atajua anazungumza na nani. Tena mna mali ambayo hoteli haiwezi kuijenga: nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Wageni wanafuata hizo, pamoja na Boma la Wajerumani na kumbukumbu ya Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kuta za chokaa zikipigwa lipu ya saruji unyevu hunaswa ndani, zikaanza kumomonyoka. Zinahitaji mafundi wanaojua kuchoma na kuchanganya chokaa. Daini iandikwe kwenye mkataba wa mradi kwamba vijana wa mtaa wafundishwe kazi hiyo na walipwe kwayo, na kwamba vibanda vipya vianze kugawiwa kwa wanaofanya biashara ufukweni sasa hivi, kwa orodha inayobandikwa ofisi ya mtaa kila mtu aisome. Orodha hiyo andaeni nyinyi kabla wengine hawajawaandalia.

*Mzee, mimi ni fundi cherehani Chikongola, hapa Mtwara. Nimepanga fremu moja kwa miaka mingi, wateja wangu wote wananijua hapo. Mwenye nyumba anasema atavunja ajenge ghorofa, nimpishe mwisho wa mwezi. Nina haki gani? — Fundi*

Fundi, haki yako kisheria ni nyembamba, na hilo linaniuma. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni mkataba wako na Sheria ya Ardhi, ambayo kwa upangaji wa kipindi kwa kipindi inataka notisi isiyopungua kipindi unacholipia. Kama unalipa miezi sita sita, mwisho wa mwezi hautoshi. Mwambie kwa adabu, kisha mwandikie.

Zaidi ya hapo, zungumza naye sasa, kabla hajapata mkandarasi. Ghorofa itakuwa na fremu chini. Muombe kwa maandishi nafasi ya kwanza kwenye mojawapo, bila kilemba, yaani malipo ya kuingilia, na kodi ya mwaka wa kwanza mliyokubaliana. Wenye nyumba wengi wanamjali mpangaji asiyechelewesha kodi kuliko wanavyoonyesha.

Wanaopanga miji, nami nikiwa mmoja wao, tunapaswa kuwahesabu watu kama wewe na mara nyingi hatufanyi hivyo. Kurasini, Dar es Salaam, watu walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, waliolipwa ni wenye nyumba. Wapangaji walitoka mikono mitupu. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba, wakaunganisha nguvu na kununua ekari 30 Chamazi na kuanzisha ushirika wa nyumba. Ni ushindi, lakini ni mbali na kazi zao. Ninyi mafundi na wachuuzi wa Chikongola undeni umoja wenu mapema, ili mradi wowote ukija muwe na mtu wa kuketi mezani kwa jina lenu.

*Shikamoo. Tupo ndugu wanne, tumeachiwa nyumba mjini Lindi. Amekuja mnunuzi, anasema mradi wa gesi Likong'o ukianza bei haitashikika, hivyo tumuuzie yeye leo. Wawili wanataka, wawili hatutaki. — Mjukuu wa Lindi*

Marahaba. Kama anaamini bei itapanda, jiulizeni kwa nini anataka kununua leo. Eneo la Likong'o, zaidi ya hekta 2,000, lilishatengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi, na mazungumzo na kampuni yamechukua miaka mingi. Hakuna haja ya mtu kuwakimbiza wiki hii.

Kwanza, yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hayupo, hakuna wa kuuza, na hela ya "kishika uchumba" msiipokee. Pili, kama mmoja wa wazazi bado yu hai na nyumba ilikuwa ya ndoa, msiuze bila ridhaa yake. Tatu, wale wawili wanaotaka pesa wana shida ya kweli, wasikilizeni. Kupangisha vyumba vya mbele, au kununua hisa zao kidogo kidogo kwa maandishi, kunaweza kuwatosha. Na akitokea wa kujenga, ingieni naye ubia: yeye alete mtaji, nyinyi mlete kiwanja, hati ibaki kwa jina la familia. Kabla ya hayo yote nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi wa kiwanja chenu mjue kimeandikwa jina la nani. Mwende wote wanne.